"Kwani huyu mdoli atakufa?" Uzoefu wangu wa semina ya kumsaidia mtoto kupumua

Ukumbi, chai na posho niviache, hayo mtaulizana wenyewe. Nataka kuzungumzia ambu moja, yaani ule mfuko wenye maski unaobonyezwa kwa mkono kumpa hewa mtoto mchanga asiyepumua.

Semina ilikuwa ya siku moja, miezi mitatu minne hivi iliyopita, kwa wauguzi na wakunga wa lebo wodi, wodi ya kujifungulia. Midoli miwili, ambu mbili, sisi zaidi ya ishirini. Hapo tayari mambo yamekwenda mrama, maana mafunzo haya ya HBB (Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto kupumua) yamepangwa mkufunzi mmoja kwa watu sita, na kila wawili wawe na mdoli wao. Hilo ningelisamehe. Ambu ya kundi letu ndiyo siisamehe. Ukiibonyeza inanywea mkononi kama mfuko wa maziwa uliotoboka, na kifua cha mdoli kimetulia tuli. Nikamwambia mkufunzi hewa haiingii. Jibu lake: "Sista, kwani huyu mdoli atakufa?" Watu wakacheka, tukaendelea kubonyeza.

Kupima ambu hakuchukui hata nusu dakika. Ziba maski kwa kiganja, bonyeza. Kama nzima, itakusukuma kiganja, na ukizidisha nguvu utaisikia vali ya usalama ikitoa hewa. Ikinywea bila ubishi, inavuja, na mara nyingi kosa liko shingoni mwa ambu. Mle ndani kuna kivali laini chenye umbo la mdomo wa bata. Ukibonyeza kinafunguka kupeleka hewa kwa mtoto. Ukiachia kinajifunga, pumzi anayoitoa mtoto ipite pembeni. Ambu ikifunguliwa, ikaoshwa kwa sabuni na kulowekwa kwenye klorini, hiki kivali ndicho kinachobaki chini ya ndoo, au kinarudishwa kichwa chini miguu juu. Kwa macho ambu ni kamili kabisa, ila hewa yote inatokea kwenye vitundu vya pembeni na mtoto hapati kitu.

Sasa fikirini tulichojifunza. Kifua kisipopanda kuna utaratibu wake: weka maski upya, nyoosha kichwa kidogo kama mtoto anayenusa, futa au nyonya ute kama upo, fungua mdomo kidogo, bonyeza kwa nguvu zaidi. Sisi tulifanya yote hayo mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu, kifua kikagoma. Mtu wa kumi hakuhangaika tena kutazama kifua, alikuwa anahesabu tu: "moja, mbili, tatu," anabonyeza kwenye moja na kuachia kwenye mbili tatu, mwendo mzuri kabisa wa pumzi 40 kwa dakika, za bure. Semina ikatufundisha kuzoea kifua kisichopanda, na hilo ni baya kuliko kutofundishwa chochote.

Na mdoli mwenyewe walimjaza upepo. Inaruhusiwa, najua. Lakini maji ya uvuguvugu kama lita mbili yanampa uzito wa mtoto halisi na kichwa kinachoangukia pembeni usipokishika. Wetu alikuwa puto. Ukimkausha mgongo anateleza mezani.

Halafu kunyonya ute! Karibu saa nzima iliishia hapo, na mrija ukizamishwa mpaka kooni kana kwamba kila mtoto ana ndoo ya maji kifuani. Ananyonywa yule ambaye njia yake ya hewa imeziba, mdomo kwanza halafu pua, basi. Ukichokonoa koo unaweza kuyashusha mapigo ya moyo, na sekunde zinakwenda. Ile dakika ya dhahabu ni sekunde 60 tangu mtoto atoke: kumkausha, kutupa kitenge kilicholowa, kumsugua mgongo, na kama hapumui, pumzi ya kwanza ya ambu iwe imeshaingia.

Nisiwe dhalimu. Mkufunzi wa pili, binti mdogo, mkunga wa kituo cha afya, mchana watu wakiwa kwenye pilau aliifungua ile ambu, akakosa kivali, akaenda kukitafuta kwenye ndoo ya kuoshea. Alikipata. Waliorudi mapema akawashika mikono mmoja mmoja: gumba na kidole cha shahada vikizunguka maski kama herufi C, vidole vitatu kwenye mfupa wa taya, "siyo kwenye nyama ya chini ya kidevu, mama, hapo unamziba." Maski namba 1 kwa aliyetimiza miezi, 0 kwa njiti; ifunike kidevu, mdomo na pua, macho iyaache. Kifua kikapanda. Kidogo tu, taratibu, kama cha mtoto aliyelala. Kwa dakika zile ishirini ningewaambia semina hii msiikose, nendeni hata kwa kutembea.

Kisha mtihani wa vitendo. Aliyesimamia ni yule wa kwanza, na wote tukafaulu, hata wale waliobaki kwenye pilau ambao kifua hawakukiona kikipanda hata mara moja. Vyeti vikagawiwa, picha ya pamoja ikapigwa.

Hospitali ya Haydom, kule Manyara, haya yalishaonekana zaidi ya miaka kumi iliyopita. Baada ya mafunzo ya siku moja wahudumu walifanya vizuri kwa mdoli, wodini mambo yakabaki yaleyale. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Dakika chache, mdoli mezani, ambu ileile utakayoishika usiku. Kwa hiyo hata siku yetu ingekwenda vizuri, isingetosha bila mdoli kubaki wodini.

Nyota mbili. Kwa yule binti niseme tatu. Yeye peke yake ni tano. Hapana, mbili, kwa sababu jioni niliuliza mdoli utakaa wapi. Wakaurudisha kwenye begi lake pamoja na ambu, ukafungiwa stoo, na ufunguo ukaondoka na gari lao.