Sirapu ya chuma ya watoto: nyota nne, lakini soma lebo kwanza

Kwa wale mnaoniuliza ile dawa ya damu ya mwanangu ni gani, ni sirapu ya kawaida tu ya ferasi salfeti, yaani chumvi yenye chuma ndani yake, chupa ya kahawia, si zile za boksi zenye picha ya mtoto mnene. Naipa nyota nne kwa tano. Ladha yake ni kama kulamba msumari lakini kazi inafanya.

Mwanangu ana miaka miwili unusu, alipimwa wingi wa damu (himoglobini) ikatoka gramu 8.6 kwa desilita na kwa umri wake chini ya 11 tayari ni upungufu. Alikua mnyonge, hataki chakula, ukigeuka kidogo yuko ukutani anabandua udongo anakula.

Kemisti ya kwanza mtaani wakanitolea tonic ya bei, nikageuza chupa nikasoma, chuma chenyewe kidogo mno, vingine vyote ni vitamini na sukari! Hapo ndo watu wanaliwa pesa. Kwenye lebo angalia chuma chenyewe, sio uzito wa dawa nzima, manake tembe ya ferasi salfeti ya miligramu 200 ina chuma miligramu 65 peke yake. Daktari alitupigia miligramu 3 za chuma kwa kila kilo kwa siku, mtoto wa kilo 12 ni 36, sasa ukimpa tonic yenye miligramu tano utangoja sana. Mfamasia wa kemisti ya pili, kule upande wa soko la Kongowea, ndo alikaa chini akafanya hesabu ikawa mililita, akanipa sindano isokua na ncha na akaitia alama kwa kalamu. Mungu ambariki yule dada, kwengine wanakwambia kijiko kimoja na vijiko vya nyumbani havilingani.

Ila msikimbilie dukani kwa kuona macho yamepauka tu. Mtoto apimwe kwanza, huku kwetu pwani kuna malaria, kuna minyoo, kuna sikoseli, na sio kila damu kidogo inataka chuma.

Namna ya kumpa ndo kila kitu. Hapa Mombasa mtoto asubuhi ni chai ya maziwa na mahamri, na chai inazuia chuma kuingia mwilini, maziwa pia, kwa hivyo mimi nampa katikati ya asubuhi tumbo likiwa halina kitu kingi, na juisi ya chungwa au ya ubuyu nilokoroga mwenyewe kwa sukari kidogo. Maziwa nayo nimepunguza, yasizidi nusu lita kwa siku, anayeshiba maziwa hali maini wala dengu wala mchicha. Namwekea dawa nyuma ya ulimi halafu anapigwa mswaki, vyenginevyo meno yanaweka weusi. Choo kitakua cheusi, msishtuke, ni hio dawa. Kikiwa kigumu mpeni maji na papai.

Baada ya kama mwezi tulirudi kupima ikawa 10.1, udongo ashaacha, na sahani anamaliza mwenyewe. Lakini bado anaendelea kunywa na nawaomba wazazi wenzangu mlishike hili, damu ikipanda ile akiba ya mwilini bado iko chini, inatakiwa miezi mitatu hivi mpaka daktari aseme basi. Wengi wanaacha mtoto akianza tu kukimbia na baada ya muda wako palepale.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya kifuniko. Kinafunguka kirahisi mno, na chuma kikizidi ni sumu kali kwa mtoto mdogo. Wekeni kabatini kwa ufunguo, na akiinywa mkimbizeni hospitali hapohapo na chupa mkononi, hata akitapika akaonekana amepata nafuu, kwa sababu sumu ya chuma hutulia kwanza halafu hurudi kwa nguvu.