The Revenant: niliitazama mara mbili, ya kwanza haihesabiki

Mara ya kwanza niliiona kibanda umiza, ile nakala iliyotafsiriwa. Balaa tupu. Hii ni filamu ambayo steringi wake, Leonardo DiCaprio, sehemu kubwa hazungumzi. Koo limeraruliwa na dubu, kinachomtoka ni mikoromo tu. Sasa mtafsiri afanye nini? Akaamua kuujaza ukimya kwa utani wake, na watu wakawa wanacheka hata pale baba anapolala kifuani pa maiti ya mwanawe. Nilitoka nimecheka na mimi, lakini filamu sikuiona.

Februari hii nikairudia nyumbani na mke wangu, kwa sauti yake halisi. Dakika 156. Mkipenda filamu za mbiombio, hii mtaiona inakokota miguu.

Kisa ni cha mwaka 1823, ng'ambo ya Mto Missouri huko Marekani, wazungu walipokuwa wakiingia porini kutafuta ngozi na manyoya ya kuuza. Hugh Glass, ndiye DiCaprio, anavamiwa na dubu jike mwenye watoto. Wenzake wawili, Fitzgerald na kijana mmoja, wanaachwa nyuma wamwangalie mpaka akate roho wamzike. Wanamwacha hai na kuondoka na bunduki yake.

Huyo dubu ametengenezwa kwa kompyuta, na najua hivyo, lakini nilikunja miguu juu ya kochi. Hakuna muziki wa kukuandaa. Kinachotisha zaidi ni kwamba anamrarua, anamwacha, unashusha pumzi, kisha anarudi. Kuna mahali pengine pumzi ya Glass inapiga ukungu kwenye kioo cha kamera na wameuacha ukungu huo palepale. Mpiga picha, Emmanuel Lubezki, alitumia karibu mwanga wa asili pekee, ndiyo maana kila kitu kina rangi ya alfajiri isiyokucha. Theluji ilipowaishia Kanada, walifunga safari hadi kusini kabisa mwa Argentina kumalizia. Lile ini bichi la nyati DiCaprio alilitafuna kweli. Oscar yake aliipata hapa, na sina ubishi, ingawa kwangu Tom Hardy, anayeigiza Fitzgerald, adui wa filamu, ndiye mwenye maneno matamu. Ukimsikiliza vizuri, kuna wakati unakaribia kumwelewa.

Na wenyeji wa nchi ile, Waarikara na Wapawnee, wanazungumza kwa lugha zao. Kule kibandani hili lote lilifunikwa na sauti ya mtafsiri. Yule mzee wa Kiarikara anayemtafuta binti yake aliyetekwa alistahili nafasi kubwa kuliko aliyopewa.

Ninachowalaumu ni kisasi. Hakuna kumbukumbu kwamba Glass alikuwa na mtoto aliyeuawa. Mtoto amewekwa ili steringi apate sababu ya kuua. Kisa chenyewe kinavyosimuliwa ni kigumu zaidi. Mtu alitambaa na kujikokota kama kilomita 320 hadi Fort Kiowa, kituo cha wafanyabiashara wa manyoya, akapona, akawafuata wale wawili. Yule kijana, Glass alimsamehe. Alimkuta Fitzgerald ameshaingia jeshini, na kumuua askari ni kujitafutia kitanzi, basi akachukua bunduki yake akaondoka. Hebu fikiria kutambaa kote kule, halafu unarudi na bunduki tu! Mwongozaji Iñárritu angeweza kunikalisha hapo nusu saa nzima. Badala yake kanipa visu na damu kwenye theluji, mwisho ambao nimeshauona kwenye filamu mia.

Ile theluji nayo ni ya kuongezea. Dubu alimvamia Glass mwishoni mwa kiangazi. Hilo nimewasamehe, maana baridi ndiyo uhai wa filamu hii. Mke wangu alivumilia dubu, akavumilia ini. Glass alipompasua farasi aliyekufa, akatoa matumbo na kuingia ndani alale, yeye akainuka kwenda zake kulala kitandani. Mimi nikabaki. Dar, joto la Februari, nikajikuta nimezima feni.