Siku Mbili Alfama, Baina ya Meli na Meli

Kaka yetu anayeishi Ulaya alimlipia Bimkubwa wetu safari mbili za meli ya kitalii zinazofuatana, ya kwanza kutoka Barcelona hadi Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na ya pili kutoka Lisbon kwenda Madeira na visiwa vya Canary. Baina ya meli na meli zilibaki siku mbili, nami ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta pa kulala. Nilichagua nyumba ndogo ya wageni katika mtaa wa Alfama, kwa euro 95 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa, na juu yake kodi ya jiji ya euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku. Naiandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa Unguja na Pemba wanaosafiri na wazee, kwa sababu nyumba ile ni njema mno, lakini ina kasoro moja kubwa ambayo tangazo lake liliinyamazia.

Tangazo lilisema kwamba kutoka gati ya meli za kitalii hadi mlangoni ni mwendo wa dakika saba, na kwa kijana mwenye mkoba wa begani huenda ikawa hivyo. Gati yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 2017 karibu na stesheni ya Santa Apolónia, iko chini kando ya mto Tejo, na Alfama yote imepanda mlima. Nilihesabu vidato 71 kutoka barabara ya chini hadi mlango wa nyumba, kisha ndani kuna ngazi za ghorofa mbili bila ya lifti. Njia zimetandikwa vijiwe vya chokaa ambavyo nyayo za watu zimevisugua hata vikang'ara, na asubuhi ile, kwa kuwa usiku kulinyesha, vilikuwa vinateleza kama sakafu iliyomwagikiwa mafuta. Bimkubwa, mzaliwa wa Wete aliyezeekea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambavyo ni vyembamba lakini tambarare, alivua makubadhi yake akapanda kwa soksi, mkono mmoja ukutani, akipumzika kila baada ya vidato vichache, nami nikirudi chini kufuata masanduku.

"Mwanangu, mbona hukunambia kama tunakuja kupanda mlima?" aliniuliza.

"Mama, na mimi sikuambiwa," nilimjibu.

Hilo ndilo lalamiko langu kwa wenye nyumba. Sentensi moja tu kuhusu ngazi ingetosha kunifanya nijiandae.

Jambo la pili la kuzingatia ni saa. Meli hushusha abiria asubuhi, sisi tulikuwa nchi kavu saa 2, na chumba hakikuwa tayari mpaka saa 9 alasiri. Hapa ndipo nyumba ile iliponikosha. Bibi mwenye nyumba alitupokea mizigo bila ya kudai nyongeza, akamkalisha Bimkubwa jikoni, akamtilia chai. Bimkubwa alipotoa leso yake kujifuta jasho, yule bibi aliinyooshea kidole akasema "lenço", kisha akaigonga meza akasema "mesa". Wazee wawili wasiojuana lugha walikaa karibu saa nzima wakitafuta maneno mengine yanayofanana katika Kireno na Kiswahili, wakaipata "bandeira", ambayo kwetu ni bendera, na kicheko chao kikasikika hadi nje.

Chumba ni kidogo, kisafi, na kwa Muislamu kina neema ambayo hatukuipata melini: pembeni mwa choo kuna beseni la chini lenye bomba lake la maji, hivyo kopo tulilolibeba kutoka nyumbani halikutoka sandukuni. Kibla kiko upande wa mashariki, kushoto kidogo ya dirisha linalotazama mto. Kuta ni nyembamba, na kabla ya alfajiri husikika magurudumu ya masanduku ya wageni wengine yakiteremka kwenye mawe.

Mtaa wenyewe unastahili kutembewa polepole. Jina lake ni la Kiarabu na asili yake ni moja na Hamamni yetu, mtaa wa mabafu ya kale wa Mji Mkongwe, kwani Waislamu waliutawala mji huu hadi mwaka 1147, na sehemu kubwa ya Alfama ilinusurika na tetemeko la mwaka 1755 lililoangusha maeneo mengi ya Lisbon. Samaki wa kuchoma ni wazuri, na bacalhau, samaki wao wa chumvi, Bimkubwa alimfananisha na ng'onda. Jihadharini na supu ya caldo verde, maana kwa kawaida hutiwa soseji ya nguruwe. Siku ya pili ilikuwa Ijumaa, nasi tulipanda treni ya chini ya ardhi Santa Apolónia, tukashuka Praça de Espanha bila ya kubadilisha njia, tukaswali katika Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 1985. Waumini wengi tuliosalimiana nao walikuwa na asili ya Msumbiji, na mzee mmoja alimwita Bimkubwa "dada" kwa Kiswahili safi.

Kuhusu viza, yeyote ambaye meli yake itatoka nje ya nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, na kurudi ahakikishe amepewa ya kuingia zaidi ya mara moja.

Njia ya kuikwepa ile ngazi tuliijua usiku wa mwisho, mwenye nyumba alipotueleza kwamba gari hufika hadi Portas do Sol, juu ya mtaa, na kutoka pale hadi kwake ni kushuka vidato 18 tu. Siku ya kuondoka tulipanda hivyo 18 taratibu, tukakuta bajaji za watalii zimejipanga, na moja ikatufikisha gatini saa 7 mchana, Bimkubwa akiwa na makubadhi yake miguuni. Atakayekwenda amwambie dereva wa teksi Portas do Sol tangu siku ya kwanza, na aombe chumba cha mbele, kwa sababu vya nyuma havioni mto.