Redio ya asubuhi Nairobi: zipime stesheni tarehe 15

Jioni ya tarehe 14 kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya za mafuta, nazo huanza kutumika tarehe 15. Ifikapo saa 12 asubuhi, watangazaji wote wa Kiswahili jijini wana habari ileile mikononi. Hakuna siku bora ya kujua nani ameandaa kipindi na nani amekuja kupiga soga.

Kutaja bei ya lita moja ni kazi ya sekunde kumi. Kipindi kilichojiandaa kitakwambia kwa nini Mombasa hulipa pungufu kuliko Nairobi (meli hushusha huko; huku yanasafirishwa), kisha kiingie kwenye kodi: VAT iliyopandishwa hadi asilimia 16 Julai 2023, na tozo ya kukarabati barabara iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Tozo hiyo haipungui bei ya dunia inaposhuka. Mwenye matatu akisikia hivyo, anaelewa kwa nini pampu haikumrudishia kitu. Lakini vipindi vingi huikwepa hesabu na kukimbilia simu: "Mafuta ndiyo hayo, msikilizaji, wasemaje?" Wapigaji watano watalalamika kwamba maisha ni magumu, wa sita atamsalimia shemeji yake Kayole, na saa moja inafika bila mtu kuelimika.

Kwa habari za kaunti, Jambo Kenya ya Radio Citizen (106.7) ina nguvu ya Royal Media Services nyuma yake: waandishi wengi mashinani, na chumba cha habari kilicho na runinga pia. Mvua ikikata barabara mbali na jiji, hapo ndipo pa kusikiliza kwanza. Radio Maisha (102.7) iko chini ya Standard Group, wachapishaji wa gazeti la The Standard, kwa hiyo dai lolote la kisiasa lina mwandishi wa kulifuatilia jengo lilelile. Mtangazaji akisoma vichwa vya magazeti bila kumwita aliyeandika habari yenyewe, anapoteza faida ambayo wenzake wangeililia.

Radio Taifa ya KBC (92.9) ndiyo yenye Kiswahili kilichonyooka kuliko zote, na pia ndiyo yenye adabu kupita kiasi mbele ya waziri. Ni shirika la umma. Mgeni wa serikali hupewa muda wa kumaliza hoja, ila swali la pili mara nyingi haliji. Upande wa utamaduni na maisha ya kila siku ina urithi mkubwa. Hayati Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, akalihoji taifa zima kuhusu tabia ndogondogo kwa muda mfupi tu kila mara, bila kumpigia mtu simu wala kumwaibisha. Jambo moja, mfano mmoja, swali moja, basi. Watayarishaji wanaonyoosha mada nyepesi kwa saa nzima wangefaa kujifunza hapo.

Gidi na Ghost Asubuhi ya Radio Jambo (97.5) ni habari nyingine. Soka yao haina mpinzani asubuhi, kwani Jacob "Ghost" Mulee aliifunza Harambee Stars iliyocheza Kombe la Afrika mwaka 2004. Akieleza kwa nini beki alisimama vibaya, anaeleza kama kocha. Kinachovuta watu zaidi, hata hivyo, ni Patanisho. Aliyekosana na mke, mzazi au bosi huomba kupatanishwa, watangazaji wanampigia mwenzake, na ugomvi unasikika nchi nzima. Kinanoga pale Gidi anapouliza kwa utulivu tatizo lilianza lini na nani alishajaribu kulisuluhisha. Kinaharibika kicheko kikitangulia maswali. Na kuna kasoro ya mpango wenyewe: mmoja ameomba, mwingine amekuta simu inalia. Aliyeomba ameshapanga maneno. Mwenzake anajitetea akiwa kazini, pengine mbele ya wateja, ndiyo maana wengi hukata. Kwa maoni yetu, anayepigiwa angeulizwa kwanza nje ya hewa. Pia kumbuka kwamba kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano (CA) zinahesabu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda ambao watoto wanasikiliza, na basi la shule huwa barabarani wakati huohuo.

Sasa usikivu, maana wengi hulaumu stesheni kwa kosa la redio. Magari mengi yaliyotoka Japani huja na redio inayosoma megahezi 76 hadi 90, na stesheni zote nne hapa ziko juu ya 90. Fundi wa Kirinyaga Road atakufungia ekspanda, kifaa cha kushusha masafa, kati ya waya wa antena na redio. Muulize ni ya ngapi kabla hajafungua dashibodi. Ya 14 inapunguza megahezi 14 kwenye kila masafa: Taifa utaipata 78.9, Jambo 83.5, Maisha 88.7, lakini Citizen ingeangukia 92.7, nje ya kipimo. Ya 20 inakupa Citizen kwenye 86.7, Maisha 82.7 na Jambo 77.5, ila Taifa inapotea. Waya wake wa stima uunganishwe na ule unaowaka ufunguo ukizungushwa. Ukiungwa moja kwa moja na betri, kifaa kitabaki kikila moto usiku kucha.

Kwenye simu yenye FM, waya wa spika za masikioni ndio antena; zile za bluetooth hazisaidii. Kwa intaneti, mtiririko wa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa, na wa 128 mara mbili yake. Tatizo lake ni kuchelewa: unachokisikia mtandaoni hewani kimeshapita. Ukitaka kuchangia mada, fuata FM hadi laini ipokelewe, kisha zima redio kabisa, la sivyo sauti yako itakurudia kwa mwangwi na fundi mitambo atakukata kabla hujataja jina.