Uzoefu wangu: winchi ya gari Mwanza, kazi zake nyingi wala si za tope

Nina winchi ya umeme ya volti 12, yaani mota inayozungusha ngoma ya kukunja kamba ili kuvuta mzigo, kwenye ngao ya Land Cruiser ya zamani, pick-up ya dizeli. Niliinunua kwa ajili ya masika, maana njia za kushuka ziwani huku Ilemela zikilowa hazina huruma. Tope imetoa, sikatai. Ila kazi inayoifanya zaidi ni ya mitumbwi, mawe na visiki, na ndiyo iliyonishawishi kwamba hiki ni kifaa cha mtu wa kawaida wa Mwanza, si cha watalii peke yao. Sharti moja tu: nunua na kapi, mikanda mipana na glavu siku hiyo hiyo. Ukiondoka dukani na winchi kavu, umenunua nusu.

Yangu imeandikwa paundi 9,500, yaani kilo 4,300 hivi. Wauzaji wengi hawakwambii kwamba hiyo ni nguvu ya safu ya kwanza ya kamba kwenye ngoma. Kila safu inayojilaza juu ya nyingine inapunguza nguvu, na safu ya nne ukibaki na theluthi mbili shukuru. Kwa hiyo ukitaka nguvu, toa kamba ndefu. Au funga kapi: kamba iende hadi kwenye mzigo, ipite kwenye kapi, irudi kwenye gari. Uvutaji unakaribia mara mbili, mwendo unapungua nusu. Kwa kazi za huku huo mwendo wa kobe ndio unaotakiwa.

Mtumbwi ndio mfano mzuri. Chombo cha mbao kilichokaa majini muda mrefu kinakunywa maji, na siku ya kukipandisha nchi kavu kizibwe nyufa, unahitaji kundi zima la vijana, magogo ya kuviringishia na sauti ya mtu wa kuhesabu. Kule Igombe na Kayenze bado ni hivyo, na vijana wanastahili ujira wao. Ila kuna siku watu wako ziwani, fundi amekwisha kuja, na mtumbwi uko pale pale.

Ninaegesha gari kwenye ardhi ngumu, pua ikiangalia ziwa, naweka mawe mbele ya magurudumu kwa sababu winchi inapovuta inataka kulipeleka gari majini. Mkanda siufungi kwenye ubao wa mbele. Unazungushwa mtumbwi mzima, upite nyuma, ili nguvu isukume chombo chote na isiishie kwenye misumari. Kisha ni kidole kwenye rimoti na macho kwa fundi. Yeye huinama ubavuni, kiganja juu ya mbao, anasikiliza. "Taratibu baba, mkuku unalia!" Mkuku ni ule uti wa mbao chini ya chombo. Naachia. Wanasogeza gogo, wanamwaga maji kidogo juu yake, tunaendelea hatua mbili. Watu wazima watatu na gari moja, mtumbwi unakaa juu bila ubao kuachia. Mzee mwenye mtumbwi alinishika mkono kwa mikono yote miwili, na nilifurahi kuliko kama angenilipa.

Mawe nayo. Ukijenga Mwanza kiwanja chako kina mwamba, hakuna mjadala. Mafundi wa mawe wanauchoma moto, wanaupasua kwa nyundo, halafu vipande vikubwa vinabaki vimekaa vile vile penye msingi. Vipande hivyo ndivyo vinavyoburutwa na winchi. Na mwamba mkubwa ulioshindikana unakuwa nanga: uzungushie mkanda, funga kapi hapo, na unaweza kuvuta kuelekea upande ambao gari haliwezi kufika. Weka gunia au kipande cha tairi chini ya mkanda, maana kingo za mawe yetu zinakata kama msumeno.

Visiki vya miembe, nguzo zilizolala, kunyoosha waya wa uzio, ng'ombe aliyezama kwenye tope (mkanda mpana nyuma ya miguu ya mbele, kamwe si shingoni): zote inaweza. Magugu maji pia, kwa kufungua njia ya mitumbwi, ingawa yanarudi upepo ukigeuka. Hapo kamba ya sintetiki ya winchi ilinifaa kuliko waya wa chuma, kwa sababu inaelea na ni nyepesi kubeba. Kwenye mawe waya unavumilia zaidi, lakini ukikatika unaua. Ukitumia waya, tupia koti zito au blanketi katikati yake, na mtu asiuvuke ukiwa umekazwa.

Kasoro za kwangu: boksi la swichi lilianza kuingiza unyevu, na ile klachi ya kuachia ngoma ilikuwa ngumu kwa mchanga wa ufukweni hadi ilipofunguliwa, ikasafishwa na kupakwa grisi. Betri nayo. Winchi ikibanwa inakula mamia ya ampea, hivyo injini iwe inanguruma, uvute kidogo, upumzike. Mota ukiigusa na kutoa mkono haraka, simama.

Kuna kazi mbili nazikataa. Walionijia na kokoro niwavutie wavu nchi kavu niliwaambia hapana: ni uvuvi haramu, unakomba hadi vifaranga vya sato, na ziwa hili linatulisha sote. Nyingine ni kumshusha mchimbaji kisimani. Winchi hizi zimetengenezwa kuvuta. Breki yake iko ndani ya ngoma, inapata moto ukishusha uzito, na haikuwekewa usalama wa kubeba roho ya mtu. Aliyeniomba alikuwa jirani, na tulikubaliana atafute watu wenye winchi ya kuinulia.