Uzoefu wangu na vitabu vya picha vya ujasiri wa kweli: waya ulifikaje juu?

Kwenye kitabu cha picha kinachosimulia kitendo cha hatari kilichotokea kweli, mimi huanza kutafuta maandalizi. Mtoto wa miaka mitano hashtuki sana kumwona mtu juu ya waya, maana katuni zimeshamzoesha watu wanaoruka angani. Anachouliza ni waya ulifikaje kule. Kitabu kisichojibu swali hilo sikipendekezi, hata kikichorwa vizuri namna gani.

Mfano bora ni Philippe Petit, Mfaransa aliyekuwa na miaka 24 alipotembea kati ya minara pacha ya World Trade Center jijini New York, tarehe 7 Agosti 1974. Alikaa juu ya waya kama dakika 45, takriban mita 400 kutoka barabarani. Utamu wa kisa, hata hivyo, uko katika usiku uliotangulia: yeye na wenzake kujificha ndani ya majengo, mshale kurushwa ukiwa na uzi mwembamba, uzi kuvuta kamba, kamba kuvuta nyingine nene zaidi, mpaka waya wa chuma ukavuka. Vitabu vingi vya aina hii vina kurasa 32 tu, kwa hiyo nafasi ni finyu, lakini kazi hiyo inastahili kurasa nne angalau, na unene wa kamba uonekane ukiongezeka kutoka picha moja hadi nyingine. Mwandishi akianza na alfajiri, Petit akiwa tayari hewani, amekata nusu ya kisa.

Tazama pia ufito wa mizani, ule anaoushika mtembeaji mikononi. Wa Petit ulikuwa na urefu wa mita nane hivi, na wachoraji wengi huufupisha ili utoshe ukurasani. Hapo huwa nakasirika kabisa, kwa sababu urefu ule ndio unaofanya kazi: ufito mrefu na mzito hauzunguki upesi, hivyo mwili ukianza kuyumba, mtembeaji hupata muda wa kujirekebisha. Akichorewa kijiti, mtoto atadhani ilikuwa bahati tu.

Umbo la kitabu nalo lina uzito wake. Kitabu cha kusimama, chenye kimo kuliko upana, kinafaa minara na milima. Cha kulala, chenye upana kuliko kimo, kinafaa bahari na safari za ndege. Picha ikitandazwa kurasa mbili, hakikisha mtu hakuwekwa katikati, la sivyo mshono wa kitabu utammeza, na hilo hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Kurasa za kukunjua hutoa kina cha kutisha ambacho ukurasa wa kawaida hauwezi, ila huchanika kwenye mkunjo. Ziimarishe mapema kwa nyuma kwa utepe wa karatasi usio na asidi. Seloteji ya kawaida hugeuka njano, hukakamaa, kisha hung'oka na rangi ya picha.

Kushindwa kusifichwe. Gertrude Ederle, Mmarekani, alijaribu mwaka 1925 kuogelea mlangobahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza, akashindwa. Tarehe 6 Agosti 1926 akavuka kwa zaidi ya saa 14, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, tena kwa kasi iliyoipita rekodi ya wanaume kwa karibu saa mbili. Kitabu kikionyesha mafuta mazito aliyojipaka kujikinga na baridi, na nta iliyoziba kingo za miwani yake maji yasipenye, mtoto ana vitu vya kushika. Kikionyesha mawimbi na medali peke yake, hana.

Kabla ya kununua, fungua kurasa za mwisho. Pawepo maelezo ya mwandishi yenye tarehe kamili, picha za kamera za wakati huo kama zipo, na kauli wazi kuhusu maneno yaliyobuniwa kwa ajili ya mazungumzo. Kwa umri wa miaka minne hadi minane, mtu mzima ndiye atakayesoma sehemu hii kisha aieleze kwa maneno yake.

Kuna hofu kwamba mtoto ataiga. Kwa nionavyo, kitabu kinachoficha vifaa ndicho cha hatari zaidi. Annie Edson Taylor aliposhuka Maporomoko ya Niagara ndani ya pipa tarehe 24 Oktoba 1901, siku aliyotimiza miaka 63, pipa lilikuwa la mbao za mwaloni lenye pete za chuma, na ndani limewekwa godoro. Alitoka hai, lakini na jeraha kichwani, na utajiri alioutarajia haukuja. Natafuta kitabu chenye picha ya pipa lile lililokatwa ubavu, mtoto aone ndani, na chenye ujasiri wa kuchora lile jeraha.