TAHADHARI: Fobaifo kuukuu zenye usukani uliochomelewa. Usilipe kabla gari halijainuliwa

Ndugu zangu wa Nakuru, Kericho, Kisumu na Magharibi yote, kuna mtu anauza fobaifo kuukuu, yaani magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, ambazo vyuma vya usukani vimechomelewa, vikapakwa grisi na rangi nyeusi ili mnunuzi asione kitu. Mimi ni mmoja wa aliowauzia. Siandiki kwa sababu ya pesa pekee. Ndani ya gari lile mlikuwa na mama yangu na watoto wangu wawili.

Nilikuwa natafuta gari la kupanda kwetu Emuhaya, maana mvua ikinyesha ile barabara ya kutoka Luanda hadi bomani gari dogo haliwezi. Nikaona tangazo la fobaifo ya mwaka 2006, rangi ya fedha, safi kama imetoka kuoshwa, bei 870,000. Nikapanda matatu hadi Nakuru. Muuzaji hana yadi. Anakutana na watu kwenye vituo vya mafuta, leo hiki, kesho kile. Ni mpole, amevaa vizuri, anakuita "mama" kila sentensi na anakuulizia watoto. Nilipofika, injini ilikuwa tayari ina moto. Akanipeleka mzunguko mfupi kwenye lami nyororo, tukarudi, tukaegesha. Nilipomwambia nataka fundi aliinue alitazame chini, akasema fundi wake alishalitazama jana, na kwamba kuna mteja mwingine anatoka Eldoret na pesa mkononi. Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimetoka mbali na sikutaka kurudi mikono mitupu.

Tukaandikishana. Kwenye karatasi aliweka mstari unaosema gari linauzwa jinsi lilivyo na mahali lilipo. Nikatia sahihi.

Wiki mbili za kwanza usukani ulikuwa mzito asubuhi na mwepesi mchana. Kwenye mashimo nilisikia kitu kikigonga upande wa kulia, gugu, gugu, nikadhani ni shoki. Gari lilikuwa linavuta kidogo, nami nalirudisha. Mtu huzoea haraka sana kulirudisha gari, asijue kwamba gari linamwambia jambo.

Jumamosi moja tukawa tunatoka Kericho, tulikokwenda kumjulia hali mama mdogo. Tukateremka Kapsoit, tukapita Kipsitet, mwendo wa kama kilomita 80 kwa saa. Pale Awasi nikapunguza kwa ajili ya matuta. Gurudumu la mbele la kulia liliposhuka tuta, nikasikia mlio wa chuma kuachana na chuma. Pua ya gari ikainama. Nikakata kushoto, usukani ukazunguka mikononi mwangu, lakini gari likaelekea kulia, upande wa wanaokuja. Trekta la miwa lilikuwa linakuja. Dereva wake aliona mapema akatoka nje ya lami, Mungu ambariki popote alipo. Tulisimama pua ikiwa imevuka mstari wa katikati. Gurudumu lilikuwa limelala ubavu chini ya matigadi, kama mguu uliovunjika goti. Mama hakusema neno. Alikuwa ameshika mikono ya watoto wote wawili, na hakuiachia mpaka tulipofika Ahero kwenye gari la kuvuta.

Kama ingetokea dakika kumi kabla, kwenye mteremko, nisingekuwa naandika.

Fundi wangu wa Kisumu, mzee aliyefanya kazi ya magari makubwa maisha yake yote, aliniita nione kwa macho yangu. Alichukua kitambaa, akakilowesha petroli, akafuta chini pale kwenye boljointi, yaani kile kifundo kinacholishikilia gurudumu kwa chini na kuliacha ligeuke. Rangi nyeusi ikatoka, na ndani yake yakaonekana matone ya kuchomelea, yamevimba kama uji uliomwagikia jiko ukakauka. Akasema, "Binti yangu, hiki kilikuwa kimekufa, wakakizika na wewe juu yake."

Alinieleza hivi. Boljointi ni mpira wa chuma ndani ya kikombe, umezungukwa na grisi, umefunikwa na raba. Raba ikipasuka, vumbi na maji huingia, grisi huoshwa, chuma husaga chuma, na nafasi huongezeka kidogo kidogo. Dawa yake ni moja, kuweka mpya. Ukiichomelea ili isicheze, moto unaunguza grisi na kile kikombe cha ndani, na chuma chenyewe kinapoteza nguvu. Itatulia siku chache, ya kutosha kuuza gari. Halafu itachomoka, na ikichomoka hakuna usukani tena.

Akaendelea kutazama. Kwenye tairodi ya kushoto, yaani kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu, nati inatakiwa kuzuiwa na pini ili isijifungue. Pini haikuwepo. Palikuwa na waya wa kufungia nondo, ule wa mjengo, umezungushwa mara mbili. Na kwenye kikopo cha mafuta ya usukani walikuwa wametia mafuta mazito ya gia ili pampu iliyochoka isilie na uvujaji upungue. Ndiyo sababu ya ule uzito wa asubuhi: mafuta yale yakiwa baridi hayapiti vizuri.

Matengenezo yamenila 68,500, bila gari la kuvuta.

Nilimpigia muuzaji. Mara ya kwanza alinipa pole. Mara ya pili akanikumbusha karatasi. Mara ya tatu namba yangu ilikuwa imefungiwa. Lakini ndani ya gari, chini ya zulia la nyuma, tulikuta risiti ya spea yenye namba ya simu ya mtu wa Molo. Nikampigia. Ni mwalimu. Alilinunua gari hili hili kutoka kwa mtu huyu huyu, akasikia kule kugonga kule kule, fundi wake akamwambia boljointi imekwisha, akalirudisha akiwa amepoteza 60,000 ya pesa zake. Kwa hiyo muuzaji alijua. Aliambiwa kwa mdomo, na badala ya kununua kifaa kipya akatafuta mtu wa kuchomelea.

Sasa, kama unanunua gari la umri huu, kutoka kwa yeyote yule, naomba ufanye mambo ambayo mimi sikufanya. Lipeleke gereji unayoichagua wewe, si ya muuzaji. Gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, mtu alishike juu na chini alitikise; likicheza, ni boljointi au bearingi. Alishike tena kushoto na kulia; likicheza hapo, tazama tairodi na raki ya usukani. Mwingine alale chini na tochi wakati linatikiswa, maana jicho linaona kile ambacho mkono hausikii. Popote penye rangi mpya kwenye chuma kikuukuu, pafutwe. Tazama pia tairi za mbele: zikiwa zimelika upande mmoja, gari limekuwa likitembea vibaya muda mrefu. Fika mapema, gusa boneti, na injini ikiwa tayari imewashwa, subiri ipoe ndipo ujaribu usukani, tena kwenye barabara ya mashimo.

Usidanganywe na maneno ya "limeingia juzi". Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo gari la 2006 liliingia zamani. Limekula mashimo yetu zaidi ya miaka kumi. Matatu hupelekwa ukaguzi kila mwaka, lakini gari la nyumbani linaweza kupita mikono minne bila mtu hata mmoja kulitazama tumbo.

Na kuna jambo la mifuko ya hewa, ile inayofumuka wakati wa ajali kumkinga aliye ndani, ambalo watu wengi hawalijui. Unapowasha swichi kabla ya injini, taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime. Kwenye gari langu haikuwaka kabisa. Fundi alifungua akakuta balbu imetolewa. Magari mengi ya miaka ile yalifungwa vilipuzi vya mifuko vya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika 2017 baada ya kubainika kwamba kemikali iliyomo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifunguka kilipuzi kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hewa ya Kisumu. Chukua namba ya chesisi uulize kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza gari. Kama limo kwenye orodha ya magari yaliyoitwa yarudishwe kubadilishiwa vilipuzi hivyo, kazi hiyo kwa kawaida hufanywa bure.

Upande wa karatasi: tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kulipa. Mimi nilitafuta baada ya kulipa, nikakuta jina lililo kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, si la aliyeniuzia. Alidai ni mjomba wake. Mpaka leo sijamwona huyo mjomba.

Nimeandikisha ripoti polisi na nina namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituoni. Pia ninapeleka dai Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Ule mstari wa "jinsi lilivyo" haumpi mtu ruhusa ya kuficha kasoro aliyoijua.

Mwalimu wa Molo amekubali kuwa shahidi, na boljointi ile ninayo, imefungwa kwenye gunia, haijaguswa. Wiki iliyopita nimeona picha mpya za muuzaji huyu: fobaifo nyingine, ya kijani kibichi, imeegeshwa kwenye nyasi ndefu kama ilivyoegeshwa yangu, usione chini. Kama umeshalipa amana ya hilo la kijani, usiliendeshe kwenda popote. Liite gari la kuvuta. Na kama aliwahi kukuuzia, niandikie, tafuta risiti zako na vyuma ulivyobadilisha, usivitupe.